Bei ya Vidole

Mbuzi thelathini na nne. Hiyo ndiyo gharama ya diploma ya Lokorio, ukiacha nauli, ukiacha sare, ukiacha na yale madaftari ya jalada gumu ambayo chuo kilimlazimisha kila mwanafunzi ayanunue palepale ofisini. Baba yake, mzee Longor, hakukanyaga darasa hata siku moja, lakini mbuzi hao aliwajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa pembe, na mpaka leo ukimuuliza atakuambia ni yupi aliyelipia muhula upi. Yule jike mwenye baka jeupe usoni alilipia mitihani ya mwaka wa pili.

Chuo chenyewe kiko Lodwar, na jina lake tuliache, maana si hicho peke yake. Darasa la biashara lilikuwa na dirisha kubwa lililotazama barabara ya soko la mifugo. Siku za soko mbuzi walipita pale kwa mamia, vumbi likaingia ndani, wachungaji wakaitana, madalali wakagombana. Na kila siku ya soko mwalimu wao, Madam Chepngetich, alisema maneno yaleyale: fungeni dirisha, hatusikilizani. Lokorio ndiye aliyekaa karibu na dirisha hilo. Miaka mitatu mizima alilifunga kwa mkono wake mwenyewe, kisha akarudi kuandika maelezo kuhusu kiwanda cha biskuti kilicho katika nchi ambayo hakuna mtu darasani aliyewahi kuiona, wala mwalimu mwenyewe.

Alisoma, asisingiziwe uvivu. Alijua kuandika barua ya kuagiza mashine kutoka ng'ambo. Alijua soko la hisa linavyofunguliwa asubuhi na linavyofungwa jioni. Alijua, na hili lishike kwa sababu tutalirudia, kwamba mfanyabiashara mzuri hutangaza bei yake waziwazi, bei moja kwa wateja wote, ili watu wamwamini. Jambo hilo liliulizwa kwenye mtihani wa mwisho, naye alipata alama zote.

Mtu atauliza: kijana wa Kiturkana, aliyezaliwa Oropoi katikati ya mifugo, alikosaje kulijua soko la mbuzi? Hapo mzee Longor naye ana la kujibu. Lokorio alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka saba. Likizoni alichunga kama wenzake, lakini kila baba yake alipoanza safari ya kuswaga mbuzi kwenda kuuza Kakuma, naye akataka kufuatana naye, aliambiwa abaki asome. Sokoni ni mahali pa watu wasiojua kalamu, mzee alisema. Shule ilimwambia baba kwamba mtoto atafundishwa biashara, baba akaamini, akamficha mtoto biashara aliyoijua yeye ili aje afundishwe iliyo bora. Ukifikiria jambo hili kwa utulivu utapandwa na hasira, kwa hiyo afadhali tuendelee.

Alihitimu. Alipigwa picha na joho na kofia. Kisha akakaa miaka miwili Lodwar akibisha hodi kwenye mageti ya ofisi. Kila tangazo lilitaka uzoefu wa miaka mitatu, na uzoefu wake wote ulikuwa miezi mitatu ya mafunzo kazini aliyopelekwa na chuo, katika ofisi ambako alibeba chupa za chai na kuhamisha mafaili kutoka chumba kimoja hadi kingine, mwishoni akagongewa muhuri kwamba amejifunza usimamizi. Mara moja aliitwa kwenye mahojiano. Watu watatu waliovaa tai walimuuliza kwa Kiingereza anajiona wapi miaka mitano ijayo. Akasema anajiona humo humo ofisini, akifanya kazi. Waliandika kitu kwenye karatasi, wakamshukuru, na hawakumpigia simu tena.

Aliyemchukua hatimaye ni Dekow, mnunuzi wa mbuzi wa Kakuma. Dekow aliletwa kwenye kambi ya wakimbizi ya hapo kutoka Somalia akiwa mtoto mgongoni, akakulia hapo, na sasa hupeleka malori ya mbuzi Nairobi. Alihitaji mtu anayesema Kiturkana, na anayeweza kujaza vibali vya kusafirisha mifugo bila kurudishwa njiani. Akamwambia Lokorio waanze kwa majaribio. Akifaa, atamwachia ununuzi wa upande wote wa Oropoi na Kalobeyei. Lokorio alimpigia simu Madam Chepngetich jioni hiyohiyo. Mwalimu alifurahi kwelikweli, akamwomba atume ile picha ya joho.

Habari ilifika nyumbani, na nyumbani ikawasha moto mwingine. Nakiru, dada yake, alikuwa amemaliza kidato cha nne na barua ya chuo imekuja: chuo kilekile, kozi ileile. Alitakiwa kuripoti baada ya wiki mbili, Jumatatu. Mzee Longor alikuwa amebakiwa na mbuzi kumi na mmoja. Wanne ni wa maziwa, hao hawaguswi hata mmoja. Saba waliobaki ndio pekee waliokuwa na nyama ya kuuzika, na baada yao hakuna kitu. Lokorio alimwomba kwa simu asubiri mwisho wa mwezi, apate mshahara wa kwanza, yeye mwenyewe amlipie dada yake. Mzee alimjibu kwamba chuo hakingojei mishahara ya watu. Kama mmoja amesoma akapata kazi, wa pili naye atapata, tena watasaidiana.

Basi ikafika Jumamosi, siku ya soko Kakuma.

Wafanyabiashara wa Kisomali walikuja na desturi yao ya kupatana bei ya mifugo, na Waturkana wa pande zile waliizoea zamani. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono, kitambaa kikafunika viganja vyao, na bei ikasemwa kwa vidole. Kidole kikibanwa ni elfu moja, nusu ya kidole ni mia tano, kiganja kizima ni elfu tano. Aliyepewa bei hujibu kwa vidole vyake, wakaendelea hivyo wakiongea habari za mvua, mpaka mmoja akubali. Watu mia wanaweza kuwazunguka na asijue yeyote kilichosemwa. Kuna sababu. Mtu hauzi mbuzi kwa starehe. Anauza kwa kuwa ana mgonjwa, ana msiba, ana mtoto wa shule, na mwenye haraka hupokea bei ya haraka. Kitambaa kinamsitiri. Hakuna jirani atakayejua alibanwa kiasi gani.

Wiki mbili Lokorio aliutazama mchezo huo na kuudharau kimoyomoyo. Kwenye madaftari yake ungeandikwa chini ya mbinu za kizamani. Kwa hiyo asubuhi ile, Dekow alipoitwa na askari akaonyeshe vibali vya lori, akamtupia kitambaa chake na kumwambia anunue, kwa wanono asipite elfu sita, Lokorio aliona saa yake imefika. Alikikunja kitambaa vizuri akakiweka begani. Akapanda juu ya kreti la soda, akatangaza kwa Kiturkana, kwa sauti ya mtu aliyepata alama zote, kwamba mzee Dekow leo ananunua mbuzi kwa elfu sita, bei moja, kwa kila mtu.

Soko zima lilimgeukia. Kisha likalipuka.

Wenye mbuzi waliokonda, mbavu zinahesabika, walimwendea wakidai elfu sita. Wenye wanono walikataa kabisa, wakisema kama mgonjwa ni elfu sita basi mzima ni elfu tisa. Wanunuzi wengine walitoa mikono yao kwenye vitambaa wakaondoka. Lakini lililokuwa baya zaidi lilitokea kwenye zizi la pili. Pale Zubeyr, mnunuzi mwingine, alikuwa ametoka tu kumaliza na mzee mmoja, wamepeana mikono ya mwisho, na mbuzi saba wamepakwa rangi mgongoni kuonyesha wameuzwa. Watu waliokuwa karibu walimgeukia yule mzee, bila ubaya, wakamuuliza swali ambalo kwenye soko lile haliulizwi: wewe mwenzetu umepata ngapi?

Mzee aligeuka akaanza kuwahesabu upya mbuzi aliokwisha kuwauza. Zubeyr alitazama chini. Mtu mmoja akacheka, mwingine akasema hata huyu kaliwa mchana kweupe, na hapo Lokorio, akiwa bado juu ya kreti, akaona ni nani waliyekuwa wakimcheka. Mzee Longor alikuwa ametembea siku mbili na mbuzi wake. Alikuwa amewauza kwa elfu nne na nusu kila mmoja. Na mkono ukishatolewa haurudishwi, hata mwanao akitangaza nini.

Dekow alirudi akakuta lori lina mbuzi tisa badala ya themanini. Hakupiga kelele. Watu walitarajia amchape makofi, lakini alimwita kando tu, akachukua kitambaa chake begani mwa Lokorio.

"Nani alikufundisha hii?" akauliza.

"Chuoni, bosi. Tulifundishwa bei iwe wazi."

"Huyo mwalimu yako, yeye amenunua mbuzi ngapi?"

"Sijui, bosi," Lokorio akasema.

"Mimi sina shule," Dekow akasema. "Mimi nilifikiri shule inajua hii kitu kuliko mimi. Kumbe wewe wamekutoa hapa na kichwa mzima, wamerudisha na kichwa ingine. Enda nyumbani, kijana. Sina hasira na wewe. Hao ndio nina hasira na wao."

Akamlipa wiki mbili zake na kumwacha pale.

Lokorio alimkuta baba yake ameketi kwenye kigoda chake kidogo nyuma ya zizi, pesa amezifunga kwenye pindo la shuka. Aliona aibu hata kumsalimu. Alikaa chini vumbini, akasema amefukuzwa. Mzee akasema amesikia, soko zima limesikia. Lokorio akamwomba msamaha. Mzee alitikisa kichwa kuwa hilo halina haja, bali kuna jambo moja hajaelewa, na angependa kueleweshwa na mtu aliyesoma. Akauliza kama katika miaka mitatu ile hawakupelekwa sokoni hata siku moja. Lokorio akasema hapana. Mzee akauliza soko la Lodwar liko mbali na chuo? Lokorio akasema liko ng'ambo ya barabara, tulikuwa tunalisikia, tulikuwa tunafunga dirisha.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Lokorio, na haikuwa hasira ya kufukuzwa. Alimwomba baba yake asiipeleke pesa ile. Alisema mengi, mengine kwa machozi: kwamba walifundishwa mambo ya watu wengine, kwamba aliyewatungia mitihani hajui mbuzi anavyouzwa wala samaki wa Kalokol kule ziwani anavyokaushwa, kwamba Nakiru atatoka hapo na karatasi tu kama alivyotoka yeye. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye kwa masikio yake hajamsikia huyo mwalimu, na mtu hahukumiwi bila kusikilizwa. Wataenda Lodwar wote watatu, aone mwenyewe anachouziwa.

Jumatatu walishuka Lodwar asubuhi, jua limeshakuwa kali. Getini mwa chuo palitundikwa bango jipya, kubwa, na juu yake picha ya Lokorio akiwa na joho. Mzee Longor alisimama akaitazama, akauliza maandishi yanasema nini. Lokorio alitamani ardhi immeze. Nakiru ndiye aliyesoma na kumfasiria: mhitimu wetu Lokorio, sasa ni Meneja wa Ununuzi katika kampuni ya kimataifa ya mifugo, njoo nawe ufuate nyayo zake. Mzee aliuliza kama kuna mtu wa chuo aliyekuja Kakuma kuangalia. Hakuna aliyekuja. Akasema haya, tuingie.

Usajili ulifanyika katika lile darasa la biashara. Ilikuwa siku ya soko, na dirisha lilikuwa limefungwa. Ndani mlikuwa na joto la kumtoa mtu jasho hadi viganjani. Wazazi walijipanga na watoto wao, wengine wa Kiturkana waliovaa shuka, wengine kina mama wa Sudan Kusini waliosafiri na kibali kutoka kambini, kila mmoja na pesa yake mkononi au kifuani. Mezani alikaa Madam Chepngetich. Alipomwona Lokorio alisimama kwa furaha, akamwita meneja.

Lokorio alimweleza. Hakuficha kreti, hakuficha elfu sita, hakuficha baba yake alivyochekwa. Mwalimu alisikitika, uso ulimbadilika kweli, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Alisema mtaala unatoka Nairobi, na mitihani inatoka Nairobi. Alisema anafundisha madarasa manne kwa mshahara unaochelewa, na kwamba aliwahi kuomba gari la kuwapeleka wanafunzi nje akaambiwa hakuna bajeti.

"Gari la nini, mwalimu?" Lokorio akauliza. "Soko ni hapo nje."

Madam Chepngetich alitazama dirisha lililofungwa. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yao, na mkuu wa chuo alikuwa akichungulia mlangoni, kwa hiyo mwalimu alikaa, akavuta fomu, akasema hayo watayaongea vizuri siku nyingine, sasa wamalize ya Nakiru. Bango atalizungumzia na wahusika. Akamgeukia mzee Longor akatabasamu.

Mzee alikuwa amesimama kando yao muda wote huo. Sasa alisogea mezani, akanyoosha mkono, na mwalimu akaupokea kwa heshima kwa mikono yote miwili. Mzee akavuta pindo la shuka lake, lile lisilo na pesa, akalifunikiza juu ya viganja vyao. Chini ya shuka akashika kidole kimoja cha mwalimu, akakibana, akakiachia. Akamtazama usoni, akangoja.

"Ejok, mzee," mwalimu akasema, akimrudishia salamu kwa Kiturkana chake kichache.

Mzee akangoja. Akabana tena kilekile kimoja, polepole, kama mtu anayerudia kwa ajili ya mgeni.

"Ejok-nooi," mwalimu akaongeza, yaani njema sana, kwa sauti ya upole, akadhani ndivyo wazee wa huko wanavyobariki. Kisha akautoa mkono wake taratibu na kuonyesha kwa kalamu mstari wa fomu ambapo mzazi huweka kidole gumba.

Mzee Longor alilirudisha shuka begani. Akamwambia mwanawe kwa Kiturkana kwamba amekwisha kuona. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyepeleka ndama kwa mganga akakuta mganga hajui ng'ombe ni nini. Akamshika Nakiru bega, wakageuka kuelekea mlangoni, wakipita katikati ya wazazi wengine waliobaki kwenye foleni na pesa zao.

Nakiru ndiye aliyesimama mlangoni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka nini tangu asubuhi, na kile kilichokuwa kikiamuliwa kilikuwa maisha yake. Alimwambia mwalimu kwamba yeye bado anataka kusoma biashara, anataka sana, na siku watakapoanza kuifundisha wampigie simu. Namba iko kwenye fomu. Alisema kwa Kiswahili, kwa adabu, na foleni nzima ikasikia. Mama mmoja wa mbele, aliyeshika bahasha, aliitazama bahasha yake.

Walikuwa wameshafika getini mwalimu alipowakimbilia, viatu mkononi kwa sababu ya mchanga. Alikuwa anahema. Mzee na Nakiru walikuwa wametangulia kuvuka barabara, wakijipenyeza kati ya mbuzi waliokuwa wakiswagwa sokoni, kwa hiyo alimshika Lokorio mkono.

"Baba yako alitaka nini pale?" akauliza. "Kuna kitu alikuwa ananiambia, na mimi sikukielewa."

"Alikuwa anakupa bei, mwalimu."

"Bei ya nini?"

"Ya diploma," Lokorio akasema. "Alikupa elfu moja. Alikuwa anangoja upandishe."

Akamwacha akavuka barabara. Madam Chepngetich alibaki amesimama chini ya bango, mbuzi wakimpita pande zote mbili, akikitazama kidole chake.